TUSIIDHARAU MILIGRAMU

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Neno nililo nalo muhula huu ni juu ya kitu kidogo mno, kidogo hata huenda wengine wakacheka kuona kimepewa kurasa katika gazeti letu. Nataka kusema habari za miligramu, na za mdogo wake aitwaye mikrogramu. Nawaomba wenye kucheka wacheke sasa, kisha wasome hadi mwisho.

Maoni yangu ni haya: katika mambo tuliyofundishwa tangu shule ya msingi, ni machache tuliyoyakariri vizuri na kuyajua vibaya kama vipimo vidogo vya uzito. Mwamshe mtoto wa darasa la tano usiku wa manane, umwambie ataje vipimo hivyo. Atakutajia kama kasuku: kilogramu, hektogramu, dekagramu, gramu, desigramu, sentigramu, miligramu. Mwambie sasa akuonyeshe kwa kidole kitu chenye miligramu moja. Atanyamaza. Mwulize mwanafunzi wa kidato cha nne, naye atakufanyia hesabu safi ya kugeuza gramu kuwa miligramu, halafu ataulizwa kitu chenye miligramu kumi ni kikubwa kiasi gani, naye atanyamaza vile vile.

Kilo twaijua kwa mkono. Kila mmoja wetu amewahi kutumwa dukani kununua kilo ya sukari, na mkono wake umekumbuka. Hata gramu 100 za majani ya chai tunazikisia. Lakini chini ya gramu moja ndipo giza linapoanza. Na kwa bahati mbaya, humo gizani ndimo yalimo mambo mengi ya uhai na kifo: dawa za watoto, madini ya chumvi, sumu ya mahindi, na fedha ya mchimbaji. Hii ndiyo sababu ya kuandika.

Kwanza tukubaliane juu ya ngazi yenyewe, maana ni rahisi. Kilo moja ina gramu 1,000. Gramu moja ina miligramu 1,000. Miligramu moja ina mikrogramu 1,000. (Wanafizikia watanikumbusha kwamba kilo na gramu ni vipimo vya tungamo, wala si vya uzito. Wanasema kweli, lakini hapa nitatumia neno uzito kama litumiwavyo sokoni.) Kila ngazi ni mara elfu. Basi mtu akikosea ngazi moja tu, hakukosea kidogo. Amekosea kama mtu aliyeambiwa alete kilo moja ya unga, naye akaleta tani nzima.

Je, tutawezaje kuiona miligramu? Wengi husema haiwezekani pasipo mizani ya maabara ya bei kubwa. La hasha! Chukueni karatasi ya kuandikia ya kawaida, ile inayouzwa kwa bunda la karatasi 500. Juu ya bunda imeandikwa gramu 80 kwa mita moja ya mraba. Bunda hilo lina uzito wa kilo mbili na nusu hivi, bila ganda lake. Gawanya kwa 500, utapata kwamba karatasi moja ina gramu 5. Sasa fanya hesabu ya eneo lake. Utaona kwamba kipande cha karatasi hiyo chenye sentimita moja kila upande kina uzito wa miligramu 8.

Hapo tumekwisha pata mawe ya mizani yetu. Kata kipande chenye urefu wa sentimita 5 na upana wa sentimita 2 na nusu: hiyo ni miligramu 100. Kata kipande cha milimita 5 kwa milimita 2 na nusu: hiyo ndiyo miligramu moja. Ukiitaka mikrogramu, chora kwa penseli yenye ncha kali mraba wa milimita moja kila upande. Mraba huo, ambao ukiukata utapotea kwa pumzi yako tu, una mikrogramu 80. Mikrogramu moja basi ni sehemu moja ya themanini ya kitu ambacho tayari umekipoteza sakafuni.

Njia ya pili ni ya wakulima. Mbegu moja huwezi kuipima kwa mizani ya duka, lakini waweza kuhesabu mbegu nyingi, ukazipima pamoja, kisha ukagawanya. Kwa njia hiyo utaona kwamba punje moja ya mchele ina miligramu kama 20, punje ya mahindi ina kama miligramu 300, na mbegu moja ya ufuta ina miligramu 3 hivi. Tone moja la maji lina kama miligramu 50, kwa kuwa matone 20 hujaza mililita moja. Mbu anayetuimbia bwenini usiku ana miligramu kama 2 tu, naye ndiye anayetulaza hospitali. Atakayedharau miligramu na azungumze na mbu kwanza.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Dawa ya homa na maumivu ya kichwa tunayoijua sote ni parasetamoli. Kidonge cha mtu mzima kina dawa miligramu 500, na mtu mzima haruhusiwi kupita gramu 4 kwa siku moja, yaani vidonge 8. Akipita kiasi hicho, ini lake huweza kuharibika. Mtoto hapewi kwa kukisia. Hupewa kwa uzito wake: miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo moja ya mwili kwa mara moja, wala si zaidi ya mara nne kwa siku. Basi mtoto wa kilo 8 hupata, kwa wingi, miligramu 120. Dawa ya maji ya watoto iliyo ya kawaida ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Hesabu imekaa sawa: mililita 5, na mtoto atapona homa yake.

Lakini je, hizo mililita 5 zinapimwa kwa nini? Zinapimwa kwa kijiko. Na kijiko kipi? Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, na mama mmoja jirani yetu alikuwa na mtoto mwenye homa. Alimpimia dawa kwa kijiko kile kikubwa cha kulia wali. Nilimwamkia, nikamwomba nikijaze maji kijiko hicho na kuyapima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, lile lenye mistari. Kilichukua mililita 13. "Mwanangu," aliniambia, "mimi niliambiwa kijiko kimoja, na kijiko ndicho hiki." Hakuwa amekosa kusikia. Aliambiwa neno "kijiko" tu, na kila nyumba ina vijiko vya namna yake. Tulipima na kijiko chake cha chai: kilichukua mililita 4. Hapo alicheka, akaniambia nimwachie lile bomba.

Hebu tufanye hesabu kama tulivyofundishwa. Mililita 13 za dawa ile zina miligramu 312. Mara nne kwa siku ni miligramu 1,248, kwa mtoto ambaye hatakiwi kupita miligramu 480. Siku moja huenda isilete madhara makubwa, lakini homa za watoto aghalabu huchukua siku kadhaa, na ini dogo halina pa kukimbilia. Wala mama huyo si mjinga. Ni mwangalifu na ana huruma. Kilichokosekana ni kipimo.

Kuna mtego mwingine ulio mbaya kuliko kijiko. Watu wengi hudhani mililita na miligramu ni ndugu pacha. Hapana. Mililita hupima nafasi ambayo dawa ya maji inachukua, na miligramu hupima uzito wa dawa yenyewe iliyomo ndani. Parasetamoli ya matone ya watoto wachanga hutengenezwa nzito: ziko chupa zenye miligramu 100 katika kila mililita moja. Mtu akichukua chupa hiyo akapima mililita 5 kwa desturi ya ile nyingine, amempa mtoto miligramu 500, yaani kidonge kizima cha mtu mzima. Alipima sawasawa kabisa, na bado amekosa! Ndiyo maana nasema kwamba kujua kupima peke yake hakutoshi. Yapasa mtu asome kwenye chupa miligramu ngapi zimo katika mililita ngapi.

Tena, kosa laweza kuwa la upungufu. Dawa ya mseto ya malaria hutolewa kwa kilo za mwili. Mtu wa kilo 35 na zaidi humeza vidonge 4 kwa mara moja, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu: jumla vidonge 24. Katika kila kidonge mna miligramu 20 za artemetha na miligramu 120 za lumefantrini. Zidisha, utaona kwamba artemetha yote aliyomeza ni miligramu 480, haifiki hata nusu gramu. Kwa dawa isiyofika nusu gramu, pamoja na mwenzake, mtu mzima wa kilo 60 aliyekuwa akitetemeka huinuka kitandani. Lakini wako wanaomeza siku ya kwanza, wakaona nafuu, wakaweka vidonge vilivyobaki kabatini kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Wanadhani wameweka akiba, kumbe wameacha baadhi ya vijidudu hai. Dawa hii haina ziada. Kila miligramu ina kazi yake.

Sasa tushuke ngazi moja, tuingie katika mikrogramu. Hapa ndipo wengi hukata tamaa, wakisema hayo ni ya wataalamu. Nami nawaambia, kila mtu anakula mikrogramu kila siku mezani. Mtu mzima, na sisi vijana, twahitaji mikrogramu 150 za madini joto kila siku. Mama mjamzito ahitaji 250. Kumbukeni ule mraba wa karatasi wa milimita moja: viwili hivi vinatosha kuwa sawa na haja ya siku nzima. Ukijumlisha maisha yote ya mtu wa miaka 70, madini joto yote anayohitaji hayafiki gramu 4, hata kijiko cha chai hayakijazi. Lakini akiyakosa, shingo huvimba rovu, na mama akiyakosa wakati wa mimba, mtoto huweza kuzaliwa na upungufu wa akili usioponyeka. Hakuna shule itakayorudisha kilichopotea hapo, hata iwe na waalimu hodari namna gani.

Tuseme chumvi ina miligramu 30 za madini joto katika kila kilo. Mtu akila gramu 5 kwa siku, amepata mikrogramu 150, haja yake yote. Wala hana sababu ya kula chumvi zaidi, kwa kuwa gramu 5 ndiyo mpaka tunaoshauriwa na Shirika la Afya Duniani tusiupite. Lakini madini hayo hupotea chumvi ikiachwa wazi juani au mahali penye unyevu. Basi kopo la chumvi lenye kifuniko si urembo wa jikoni. Ni ulinzi wa mikrogramu.

Kuna jambo jingine ambalo ndugu zetu wa pande za Arusha na Meru wanalijua vizuri kuliko mimi. Maji ya sehemu nyingi za huko yana floraidi nyingi kwa asili ya mawe ya volkano. Kipimo kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni kwamba lita moja ya maji isipite miligramu moja na nusu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, yaani miligramu milioni moja. Miligramu moja na nusu ndani ya milioni! Hata hivyo, mtoto akinywa maji yaliyopita kiasi hicho kwa miaka ya utoto wake, meno yake huota yakiwa na madoa ya kahawia, na kiasi kikizidi sana kwa miaka mingi, mifupa pia huharibika. Maji ni meupe, hayana harufu, wala ladha ya kukuonya. Jicho na ulimi havisaidii. Husaidia kipimo tu.

Na sisi tulao bweni tusijione tuko mbali. Ugali wetu ni mahindi, na mahindi yakivunwa mabichi na kuwekwa stoo penye unyevu huota kuvu watoao sumu. Katika viwango vya Afrika Mashariki, mahindi ya kuliwa na watu hayapaswi kupita mikrogramu 10 za sumu hiyo katika kilo moja. Mikrogramu 10 ni sehemu moja ya nane ya ule mraba wetu wa milimita moja, imetawanyika katika punje zaidi ya 3,000. Mwaka 2004, sehemu za mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua kwa sumu kuvu, na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016 ugonjwa huo huo uliua watu huku kwetu, mikoa ya Dodoma na Manyara. Mkulima hawezi kuipima sumu hiyo nyumbani, lakini akijua ni kiasi gani kidogo kinachodhuru, hatasema tena kwamba punje chache zilizooza hazina neno, azichanganye tu na zilizo nzima zisionekane.

Mpaka hapa nimesema habari za afya. Lakini wako wasiosikia mpaka utaje fedha, na hao nao wana haki yao. Mchimbaji mdogo wa Geita au Chunya huuza dhahabu kwa gramu. Tuseme gramu moja ni shilingi 200,000. Basi miligramu moja ni shilingi 200. Mnunuzi mwenye mizani isiyoonyesha chini ya sehemu ya kumi ya gramu, naye akizikata zile zilizobaki, aweza kumla mwenzake miligramu 90, yaani shilingi 18,000, bila kusema uongo wowote. Mizani imesema kweli, ila imesema nusu. Kule Mirerani nako, tanzanaiti hupimwa kwa karati, na karati moja ni miligramu 200 kamili. Mwuzaji asiyejua hilo huambiwa karati, naye hutikisa kichwa tu. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo; na gogo la maskini huisha kwa miligramu.

Najua kuna watakaonipinga, na hoja zao si za kupuuzwa.

Wa kwanza watasema: hayo ni ya daktari na mfamasia, mkulima anahitaji kujua debe na kilo, basi. Nawajibu kwamba daktari huandika dawa mara moja, lakini anayempa mtoto dawa usiku wa saa nane, kibatari mkononi, ni mama au dada yake. Daktari hayupo pale. Kipimo kisipokuwa kichwani mwa aliye nyumbani, hakipo kabisa.

Wa pili watasema: wazee wetu waliishi pasipo miligramu. Si kweli kwamba waliishi pasipo vipimo vidogo. Pwani walikuwa na kibaba na pishi kwa nafaka, frasila kwa karafuu na pembe, wakia na ratili dukani, na tola kwa dhahabu na manukato. Sonara wa Kihindi alipima dhahabu kwa mbegu nyekundu zenye doa jeusi, kila mbegu kama miligramu 120. Wazee walijua kwamba kitu cha thamani chataka kipimo kidogo. Sisi tumepewa kipimo kilicho bora zaidi, chenye ngazi za elfu elfu zisizohitaji kukariri, nasi tumekiacha daftarini.

Wa tatu watasema kwamba usahihi wa namna hiyo ni mchezo wa wasomi. Hao nawakumbusha habari ya kilo yenyewe. Tangu mwaka 1889 kilo ya dunia ilikuwa silinda moja ya platini na iridi, iliyofungiwa huko Sèvres karibu na Paris. Ilipolinganishwa na nakala zake baada ya miaka mingi, zilionekana kutofautiana kwa kiasi cha mikrogramu 50 hivi, pungufu ya mraba wetu wa karatasi. Hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu za mataifa kukubaliana kuacha silinda ile, na tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo imewekwa juu ya msingi wa sheria za maumbile zisizobadilika. Ikiwa mataifa ya dunia yalihangaika kwa mikrogramu 50 za chuma kilichofungiwa kabatini, je, sisi tusihangaike kwa miligramu 200 zinazozidi ndani ya mtoto?

Kuna na sababu moja inayotuhusu sisi wanafunzi hasa. Vipimo hivi tulivisoma kwa Kiswahili tulipokuwa wadogo, tukavikariri. Tulipoingia sekondari tukavisoma tena kwa Kiingereza, tukapata alama. Kati ya lugha hizi mbili, maana yenyewe imeanguka njiani. Mwanafunzi aweza kupata maksi zote katika mtihani wa Fizikia, na akirudi nyumbani asiweze kumweleza bibi yake kwa Kiswahili chepesi tofauti ya miligramu na mililita. Elimu isiyoweza kumfikia bibi aliyeuza kuku kulipa nauli yetu ina upungufu mkubwa, na upungufu huo ni juu yetu kuujaza.

Basi sitaki kulaumu tu, kwa kuwa lawama ni rahisi kuliko kazi. Natoa mashauri manne.

La kwanza, kwa waalimu wetu wa sayansi. Mtuwie radhi, lakini tunaomba Jumamosi moja katika kila muhula maabara ifunguliwe kwa upimaji tu, tena wa kidato cha kwanza. Wapime punje 100 za mchele, wahesabu matone ya maji, wakate mawe yao ya karatasi kwa rula na mkasi. Hakihitajiki kifaa kipya hata kimoja.

La pili, kwa wazazi. Katika kila nyumba yenye mtoto, pawepo bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe kidogo chenye mistari, kiwekwe pamoja na dawa, kisiguswe na mpishi. Na kabla ya kuondoka dukani au zahanati, muulizeni mtoa dawa maswali mawili: mtoto huyu wa kilo hizi apate miligramu ngapi, na miligramu hizo ni mililita ngapi za chupa hii? Kuuliza si utovu wa adabu.

La tatu, kwa waandishi wa dawa, na kwa sisi tutakaokuwa wao kesho. Neno mikrogramu liandikwe lote, maana alama yake ya Kiyunani ikiandikwa kwa haraka hufanana na m, na tofauti yake ni mara elfu. Tena sifuri itangulie nukta: iandikwe 0.5, isiandikwe .5, kwa sababu nukta ni ndogo na hufutika, na ikifutika mgonjwa hupata mara kumi.

La nne, kwa ndugu zangu wa bweni. Tukiwa zamu jikoni au stoo, mahindi yenye kuvu tuyatenge wala tusione haya kumwambia mwalimu wa zamu. Chumvi tuifunike. Na likizo tukienda nyumbani, kila mmoja apime kijiko kimoja cha mama yake, amweleze kwa heshima alichokiona. Sisi tuko mamia. Vijiko mamia kwa likizo moja ni kazi ambayo hata serikali haiwezi kuifanya kwa wepesi namna hiyo.

Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Sisi tumezoea kuitumia methali hiyo kwa akiba ya fedha. Naiomba leo itumike pia kwa dawa, kwa chumvi, kwa maji, na kwa sumu, maana vyote hivyo hujaza mwili wa mtu kwa haba zisizoonekana. Mwenye kuzijua haba hizo huzitawala, na asiyezijua hutawaliwa nazo.

Wenye maoni tofauti na wayalete kwa mhariri, nasi tutayasoma muhula ujao.